Kopo la Alumini Nyuma ya Sauti ya Taifa: Redio, Umeme na Mafundi wa Mwanza

Historia ya redio nchini mwetu imeandikwa kwa kiasi kikubwa kama historia ya watu waliozungumza. Tunaanza na Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, tunapita kwenye Shirika la Utangazaji la Tanganyika la mwaka 1956, tunafika Radio Tanzania Dar es Salaam ya mwaka 1965, kisha tunaorodhesha hotuba, watangazaji na vipindi. Yote hayo ni kweli. Lakini wanafunzi wanaoisoma historia hiyo hubaki wakiamini kwamba sauti iliyotoka studio ilifika Mwanza, Sengerema au Ukerewe kwa sababu tu ilitumwa. Kati ya mtambo wa kurushia matangazo na sikio la mkulima wa pamba palikuwa na kisanduku, na ndani ya kisanduku hicho palikuwa na kifaa kimoja ambacho mara nyingi ndicho kilichotangulia kufa. Mafundi wa zamani hukiita kondensa. Wa leo husema kapasita. Nataka kuandika juu ya kapasita ya aina moja tu, ile ya kuchuja umeme, na juu ya watu walioifanya iendelee kufanya kazi bila serikali kujua waiweke wapi kazi yao.

Nianze na kifaa chenyewe, kwa kuwa bila kukielewa hoja yangu ya kisiasa haitasimama. Umeme wa TANESCO unaofika kwenye soketi ni wa volti 230, nao huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Redio haiwezi kuutumia hivyo ulivyo. Inataka umeme unaokwenda upande mmoja, tena kwa utulivu, kama ule wa betri. Transfoma huushusha hadi volti chache, na dayodi nne huulazimisha uende upande mmoja, lakini kinachotoka kwenye dayodi ni mfululizo wa vilima 100 kila sekunde, na kati ya kilima na kilima umeme hushuka hadi sifuri. Redio ikipewa umeme huo, spika huvuma kwa sauti nzito isiyokoma, na maneno ya mtangazaji huzama ndani ya mvumo.

Hapo ndipo kapasita inapokaa. Mkazi wa Mwanza ataielewa upesi akilifikiria simtanki la nyumbani kwake, maana sisi tunaoishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika tunaujua vizuri mgao wa maji. Bomba likitoa maji usiku, tanki hujaa. Likikauka mchana, familia huchota katika kile kilichohifadhiwa. Ziwa lenyewe hufanya kazi hiyo hiyo kwa kipimo kikubwa zaidi: Mto Simiyu hufurika wakati wa mvua na kukaribia kukauka kiangazi, lakini maji yanayotoka Jinja kuingia Nile hutiririka mwaka mzima. Kapasita hujaa umeme kwenye kilele cha kila kilima na kuutoa kwenye bonde linalofuata. Kama ilivyo kwa tanki, kina chake hakitulii kabisa. Hushuka kidogo na kupanda kidogo. Tanki likiwa kubwa, kushuka huwa kudogo. Watumiaji wakiwa wengi, kushuka huongezeka.

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kuiona. Chukua redio-kaseti inayotumia volti 12 na mkondo wa ampia 0.2. Kapasita ya maikrofaradi 1,000, kwa muda wa sehemu moja ya mia ya sekunde, itashuka kwa volti zisizozidi 2, na sehemu zinazofuata za redio zinaweza kuumudu mtikisiko huo. Sasa fikiria kapasita ile ile imezeeka na kubakiwa na maikrofaradi 200. Hesabu inatoa volti 10 kati ya 12. Hapo hakuna redio tena, kuna mvumo tu. Fundi mzoefu hahitaji kipimo kulijua hilo. Mvumo wa mitetemo 100 kwa sekunde humwambia kwamba dayodi zote nne ni nzima na kapasita ndiyo imekauka. Ukiwa mzito zaidi, wa mitetemo 50, humfanya aikague dayodi kwanza. Nimewahi kumwona mtu akitoa uamuzi huo kwa kusikiliza tu, kabla hajafungua skurubu hata moja.

Asili ya kapasita ni Ulaya ya karne ya 18, katika chupa ya Leyden ya miaka ya 1745 na 1746, na sina haja ya kukaa huko. Iliyobadilisha mambo kwa ajili ya redio ni kapasita ya alumini yenye kimiminika, ambayo Karol Pollak aliipatia hataza mwishoni mwa karne ya 19. Ndani ya kopo lake kuna kanda mbili ndefu za karatasi ya alumini zilizoviringishwa pamoja, katikati yake karatasi iliyolowa kimiminika maalumu, na juu ya ukanda mmoja utando mwembamba mno wa oksaidi. Wembamba wa utando huo ndio unaoiwezesha kuhifadhi umeme mwingi ndani ya kopo dogo. Ndio pia udhaifu wake. Ukiigeuza chanya na hasi, utando huharibika na kopo linaweza kupasuka. Ukiipa volti zaidi ya ilizoandikiwa, matokeo hayako mbali na hayo. Na ukiiacha kwenye joto, kimiminika hukauka polepole hata kama hukukosea chochote.

Nimesema joto kwa makusudi. Kanuni ya jumla inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila joto likipungua kwa nyuzi 10, umri wa kapasita ya aina hii huongezeka maradufu. Iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 85 itaishi takriban saa 8,000 kwa nyuzi 65. Redio inayowashwa saa sita kwa siku itazimaliza saa hizo kwa muda usiofika miaka minne. Kifaa kilichosanifiwa kwa ajili ya sebule ya Ulaya, kikiwekwa juu ya kabati chini ya bati lisilo na dari huko Igoma, kinaishi maisha ambayo msanifu wake hakuyapigia hesabu.

Kwa miaka mingi, hata hivyo, redio nyingi za kanda ya ziwa hazikuwa za umeme wa soketi. Fedha za pamba, katika enzi ambayo vyama vya ushirika vya Usukuma viliungana mwaka 1955 kuwa shirikisho la vyama vya Victoria chini ya akina Paul Bomani, zilinunua baiskeli, mabati, na baadaye redio za transista zilizotumia betri. Mtu angedhani redio ya betri haihitaji kapasita ya kuchuja, kwa kuwa umeme wa betri umekwisha tulia. Umetulia betri ikiwa mpya. Ikichoka, huwa kama bomba lililobanwa: spika inapodai umeme mwingi kwa mpigo wa ngoma, volti huanguka, na anguko hilo hurudi hadi kwenye transista za mwanzo na kuzitikisa. Redio huanza kutoa mlio wa putu-putu-putu, kama injini ya boti inayoondoka mwaloni. Kapasita iliyounganishwa sambamba na betri hutoa umeme wa dharura kwa kila mpigo na kuuzima mlio huo. Familia zilizoanika betri juani ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi, na zilikuwa nyingi, zilikuwa zikiitegemea kapasita hiyo bila kuijua.

Ni lazima kukumbuka jinsi dola lilivyoitegemea redio hiyo. Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima ulioendeshwa kwa msaada wa UNESCO kati ya 1968 na 1972 katika mikoa ya ziwa. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni mbili nchini kote walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba zao. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Wasomi wa elimu wameziandika sana kampeni hizi, na wamestahili kuzisifu. Lakini kila kikundi kilihitaji redio inayosikika. Nimepitia maandiko mengi kuhusu uandaaji wa vipindi, uchapaji wa vijitabu na mafunzo ya viongozi wa vikundi. Juu ya nani alizitengeneza redio zilipokufa katikati ya wiki ya tano, maandiko hayo yako kimya.

Hapa naona kasoro ya fikra zetu za kujitegemea, na naisema kama mtu anayeliheshimu Azimio la Arusha. Tulikuwa na viwanda. Dar es Salaam palikuwa na kampuni ya Matsushita iliyotupatia betri na redio za National. Arusha palikuwa na Philips. Redio ziliungwa hapa na mikono ya Kitanzania. Ila kapasita, transista na dayodi zilikuja katika maboksi kutoka nje. Kapasita ya alumini haitengenezwi kwa nyundo. Inahitaji alumini safi mno, kemikali na usimamizi wa hali ya juu wa utando ule wa oksaidi. Simlaumu mtu kwamba hatukuitengeneza. Ninachokilaumu ni kwamba sera ilihesabu kujitegemea mahali pamoja tu, kwenye lango la kiwanda ambapo redio mpya hutoka, na haikuhesabu miaka 15 ambayo redio hiyo ingepaswa kuendelea kusema.

Deni hilo lilidaiwa haraka. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu akalitangazia taifa kwamba tutampiga. Kwa watu wa Mwanza vita haikuwa habari ya mbali. Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kushambulia hifadhi ya mafuta mjini humo, ikakosa shabaha. Kujua kinachoendelea ng'ambo ya ziwa kulihitaji redio. Na ni katika miaka hiyo hiyo ambapo vita, bei ya mafuta na ukame viliimaliza akiba yetu ya fedha za kigeni. Sabuni, sukari na khanga viliadimika. Spea za redio hazikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote ya vitu muhimu.

Hapo ndipo fundi alipogeuka kuwa kiwanda. Redio iliyokufa kabisa haikutupwa, iligawanywa. Kapasita moja ya maikrofaradi 470 ikikosekana, mbili za 220 ziliunganishwa sambamba, kwa kuwa uwezo wake hujumlishwa: 440, inatosha. Iliyoandikwa volti 16 ikikosekana, ya volti 25 ilitumika ikiwa ingeingia ndani ya kisanduku, maana volti za juu haziidhuru redio, zinaifanya kapasita iwe nene tu. Kwa redio za valvu, ambazo kapasita zake za kuchuja hubeba mamia ya volti, ujuzi ulikuwa ni wa kulinda uhai. Kapasita hukaa na umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na mkono wa mwanafunzi asiyefundishwa kuitoa chaji kwanza, kwa balbu au kwa rezista, ungeweza kuwa mkono wake wa mwisho kugusa chuma cha lehemu.

Mwaka 1983 serikali iliendesha msako dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka huo huo ikapitisha Sheria ya Nguvukazi iliyomtaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika. Lengo la sheria lilieleweka. Walanguzi walikuwapo na waliumiza watu. Lakini tafakari nafasi ya mtu mwenye meza chini ya mwembe, asiye na leseni, mwenye kopo lililojaa vipuri visivyo na risiti. Kwa macho ya mgambo, kopo lile lilikuwa bidhaa iliyofichwa. Kwa macho ya kijiji, lilikuwa ndilo lililoiwezesha taarifa ya habari ya jioni kusikika, ikiwemo ile iliyotangaza msako wenyewe. Sijui kama katika historia ya utawala wetu kuna mfano ulio wazi zaidi wa dola kumtilia shaka mtu aliyekuwa akilibebea sauti yake.

Bajeti ya 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, mambo yalibadilika. Vifaa vilianza kuingia, na baada ya 1994, Tanzania Bara ilipopata vituo vyake vya kwanza vya televisheni, vikaja na runinga. Mwanza yenyewe ikawa mji wa utangazaji: Radio Free Africa ilirusha matangazo yake kutoka huko na kusikika mbali nje ya kanda ya ziwa. Wateja wa mafundi sasa walikuwa wa umeme wa soketi, na umeme huo ulikuwa wa mgao.

Wanaojadili mgao wa miaka ya 1990, au ule wa 2006 uliotuachia neno Richmond katika msamiati wetu wa siasa, hupima hasara kwa saa za giza na uzalishaji uliosimama. Meza ya fundi ina hesabu nyingine. Umeme wa volti 230 una kilele cha volti 325 hivi. Runinga na vifaa vya kisasa huunyoosha umeme huo moja kwa moja bila transfoma kubwa, hivyo kapasita yao ya kwanza huandikwa volti 400, na nafasi iliyobaki inatosha. Umeme ukirudi baada ya mgao na kupanda hadi volti 280 kwa muda, kilele kinafika 396, ukingoni kabisa. Ukizidi hapo, kopo hufura juu. Kuna na jambo lisilofahamika sana: kapasita iliyokaa miezi mingi bila umeme hupoteza sehemu ya utando wake wa oksaidi, na ikipewa umeme wote kwa ghafla inaweza kuungua. Fundi anayejua huiamsha taratibu kwa kuunganisha balbu ya wati 60 mfululizo na kifaa. Balbu ikiwaka sana kisha ikafifia, kapasita inajijenga upya. Ikiendelea kuwaka, kuna shoti mahali. Gharama hizo zote zililipwa na wananchi, shilingi kwa shilingi, na hazikuingia katika ripoti yoyote ya shirika.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa wataikumbuka hali kama hiyo ofisini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kompyuta za mezani duniani kote zilianza kufa kwa sababu ya kapasita zenye kimiminika kibovu. Idara nyingi ziliandika "imeharibika, haitengenezeki" na kuagiza mpya, ilhali ugonjwa ulikuwa vikopo sita vilivyovimba juu ya bodi, na tiba yake ilikuwa mtaani, dakika kumi kwa miguu. Mfumo wetu wa manunuzi unajua kununua. Kutengeneza haukujui, kwa sababu anayetengeneza hana mashine ya EFD.

Mapema mwaka 2013 matangazo ya analojia yalizimwa Mwanza, na kila nyumba yenye runinga ikalazimika kuwa na king'amuzi. Kwa serikali lilikuwa jambo la masafa. Kwa fundi zilikuwa ni maelfu ya bodi mpya zenye joto, zilizofungwa ndani ya visanduku vyembamba, na kapasita za bei ya chini. Kutoka hapo hadi leo kazi imekuwa tele. Nafasi ya kuifanyia ndiyo imekuwa na misukosuko. Makoroboi, eneo ambalo jina lake lenyewe linatokana na taa za mafuta zilizotengenezwa kwa makopo chakavu, lilikuwa miongoni mwa maeneo ya wafanyabiashara wadogo yaliyoguswa na operesheni ya kuwaondoa iliyosimamishwa na Rais Magufuli Desemba 2016. Mwaka 2021 ikaja amri nyingine ya kuwapanga upya wamachinga, na meza zikahama tena. Meza ya fundi haihami kama meza ya viatu. Mteja aliyeacha redio yake Jumatatu anairudia Alhamisi pale pale alipoiacha.

Nasikia jibu kutoka kwa marafiki zangu walioko wizarani: VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo, na fundi anaweza kupimwa na kupewa cheti. Ni utaratibu mzuri na ninaunga mkono upanuliwe. Lakini Kanuni za mwaka 2021 kuhusu taka za umeme na elektroniki zinamtaka mkusanyaji na mchakataji wa taka hizo awe na kibali, wakati fundi ananunua bodi zilizokufa kwa kilo ili atoe vipuri. Je, yeye ni mkusanyaji wa taka, mchakataji, mfanyabiashara au fundi? Nimewauliza maofisa watatu wa halmashauri tofauti za kanda ya ziwa na nimepata majibu matatu. Vitambulisho vya shilingi 20,000 vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 vilikuwa vimelijibu swali hilo kwa njia rahisi: wote ni wajasiriamali wadogo, muuza karanga na mtu anayeweza kutambua dayodi mbovu kwa sikio.

Fundi mmoja wa Mwanza, ambaye ameifanya kazi hii tangu kabla ya vita vya Kagera, bado anacho kitambulisho hicho, kimefungwa kwa nailoni kwenye mguu wa meza. Mchana nilipomkuta alikuwa akinyofoa kapasita kutoka kwenye bodi za ving'amuzi, akizipima moja moja na kuzitenga kwa volti katika makopo manne ya maziwa. Zilizovimba alizitupa kwenye ndoo. Kati ya bodi kumi na moja alipata kapasita nzima tisa, na mbili kati ya hizo ziliingia jioni ile ile katika redio ya mvuvi aliyekuwa akisubiri kivuko cha Kamanga.